Kuhama Jukwaa: Uamuzi wa Nokia wa Februari 2011 na Wale Walioachwa Njiani

Tarehe 11 Februari 2011, jijini London, Stephen Elop wa Nokia na Steve Ballmer wa Microsoft walisimama pamoja mbele ya wawekezaji na waandishi wa habari, wakatangaza kwamba simu janja za Nokia zitaacha mfumo endeshi wa Symbian na kuhamia Windows Phone. Siku hiyohiyo hisa za Nokia zilishuka thamani kwa takriban asilimia 14. Kampuni iliyofanya uamuzi huo haikuwa kampuni ndogo iliyokuwa ikitapatapa. Mwaka uliotangulia ilikuwa imeuza simu janja takriban milioni 100, idadi ambayo hakuna mshindani aliyeikaribia. Miaka miwili na nusu baadaye, Septemba 2013, ilikubali kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu kwa euro bilioni 5.44.

Mjadala mwingi kuhusu tukio hili huzunguka swali moja: je, Nokia ilichagua mahali pabaya pa kuhamia? Wako wanaodai kwamba ingechukua Android ingepona, na wako wanaodai kwamba ingepaswa kushikamana na MeeGo, mfumo iliokuwa ikiujenga yenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo, ingawa ni halali, limefunika swali jingine lenye uzito zaidi, nalo ni namna ya kuhama. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba hasara kubwa ilitokana na kutangaza mwisho wa jukwaa la zamani kabla jukwaa jipya halijawa na bidhaa dukani, na wakati huohuo kuvunja daraja la kiufundi ambalo lingewavusha waundaji programu. Ushahidi unaotegemewa zaidi ni takwimu za mauzo za kila robo mwaka, ambazo kampuni iliyoorodheshwa katika soko la hisa hulazimika kuzitoa iwe inapenda au haipendi, pamoja na matangazo ya hadhara ya kampuni zenyewe. Kumbukumbu za viongozi zilizoandikwa baadaye hazikupewa nafasi kubwa, kwa kuwa mtu anayesimulia anguko baada ya kutokea huwa na mwelekeo wa kuonyesha kwamba aliliona likija.

Neno jukwaa linatumika hapa kwa maana pana kuliko mfumo endeshi. Mfumo endeshi ni programu inayotawala kifaa. Jukwaa ni mfumo huo pamoja na duka la programu, watu wanaoziunda, kampuni za mawasiliano zinazozisambaza simu, na mazoea ya mtumiaji ambaye vidole vyake vimekwisha kujua pa kubonyeza. Mfumo endeshi unaweza kubadilishwa na wahandisi. Jukwaa huhama na watu, na watu hao hawawajibiki kwa mtendaji mkuu.

Symbian: mali na mzigo

Kampuni ya Symbian iliundwa mwaka 1998 kutokana na EPOC, mfumo wa kampuni ya Kiingereza ya Psion iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ndogo za mkononi. Nokia, Ericsson na baadaye Motorola ziliingia kama wabia zikiwa na hofu moja, kwamba Microsoft ingetawala simu kama ilivyotawala kompyuta za mezani. Kinaya cha jambo hili hakihitaji maelezo marefu.

Mfumo huo ulibuniwa wakati ambapo kumbukumbu ya kifaa ilikuwa ndogo mno na betri ilikuwa mali ya kuhesabiwa. Kila sehemu yake ilijengwa kwa kubana matumizi. Ubanaji huo ndio uliowezesha simu kama Nokia 7650 ya mwaka 2002 kuwa na kamera na uwezo wa kupokea programu za ziada, lakini gharama yake ilibebwa na waundaji programu. Aliyetaka kuandika programu ya Symbian alilazimika kujifunza kanuni za pekee za kushughulikia maneno na kumbukumbu, kanuni ambazo hazikumfaa mahali pengine popote. Zaidi ya hayo, sura ya mfumo iligawanyika: Nokia walikuwa na S60, Sony Ericsson walitumia UIQ, na soko la Japani lilikuwa na sura yake. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya sura moja haikufanya kazi katika nyingine.

Apple ilipoonyesha iPhone mwezi Januari 2007, S60 ilikuwa bado ni mfumo wa vitufe. Simu ya kwanza ya S60 yenye skrini ya kugusa, Nokia 5800, ilitangazwa Oktoba 2008. Duka la programu la Apple lilikuwa limefunguliwa miezi michache kabla ya hapo. Duka la Nokia, Ovi, lilifunguliwa Mei 2009. Kuchelewa huku ndiko kunakotajwa zaidi na wachambuzi, na ni kweli kulikuwapo. Hata hivyo, kuchelewa si sawa na kufa. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2010 Nokia iliuza simu janja milioni 28.3, karibu zote zikiwa za Symbian. Ni kweli pia kwamba katika robo hiyohiyo kampuni ya utafiti ya Canalys ilihesabu kuwa Android imeipita Symbian kwa mara ya kwanza. Mfumo ulikuwa ukizeeka na mgawo wake wa soko ukipungua, lakini ulikuwa bado unaingiza fedha za kulipia mfumo ambao ungeurithi. Mwanahistoria anayesahau jambo hili ataona anguko lililokuwa halikwepeki, na hatauliza tena lolote.

Daraja lililokuwa likijengwa

Mwaka 2008 Nokia ilinunua Trolltech, kampuni ya Norwe iliyounda Qt. Qt ni maktaba na zana za kuundia programu, na sifa yake kuu ni kwamba programu iliyoandikwa mara moja inaweza kuendeshwa katika mifumo endeshi tofauti bila kuandikwa upya. Sambamba na hilo, Nokia ilikuwa imeanza tangu mwaka 2005 kujenga mfumo mwingine juu ya Linux uitwao Maemo, kwanza katika kifaa cha intaneti cha 770 na kisha katika simu ya N900 ya mwaka 2009. Februari 2010 Maemo iliunganishwa na Moblin ya Intel, ukazaliwa MeeGo.

Mpango uliotokana na ununuzi huo haukuwa wa kijinga. Symbian ingeendelea kubeba simu za bei ya kati na ya chini, MeeGo ingechukua simu za bei ya juu na kushuka polepole, na Qt ingekuwa lugha ya pamoja. Mwundaji programu wa Nairobi, Jakarta au São Paulo aliyejifunza Qt kwa ajili ya Symbian angejikuta siku moja yuko ndani ya MeeGo bila kutupa kazi yake. Jukwaa lingehama chini ya miguu ya watu wake, nao wangeendelea kusimama.

Udhaifu wa mpango huo ulikuwa katika utekelezaji. Ushirikiano na Intel ulileta kuchelewa mahali ulipotarajiwa kuleta kasi, na zana za Qt kwa ajili ya Symbian zilikomaa mwaka 2010 tu, wakati ambapo waundaji programu wengi walikuwa tayari wamevutwa kwingine. Hata hivyo, daraja hilo lilikuwapo. Ushahidi wake ni simu ya N9 ya MeeGo, iliyotangazwa Juni 2011, miezi minne baada ya mfumo wake kuwekwa kando rasmi. Wakaguzi wengi wa simu waliisifu kwa namna ilivyoendeshwa kwa kutelezesha kidole, bila kitufe chochote usoni mwake. Nokia haikuipeleka katika masoko makubwa kama Marekani, Uingereza na Ujerumani, na Elop alieleza kwamba hata kama ingefanikiwa, kampuni haingerudi nyuma.

Waraka wa jukwaa linaloungua

Elop alichukua uongozi Septemba 2010 akitokea Microsoft, akiwa mtu wa kwanza asiye Mfini kuiongoza Nokia. Mwanzoni mwa Februari 2011 aliwaandikia wafanyakazi waraka ambao ulivuja mara moja kwenye vyombo vya habari. Ndani yake alisimulia habari za mtu anayeamka usiku katika jukwaa la kuchimbia mafuta kwenye Bahari ya Kaskazini na kukuta moto umemzunguka, akalazimika kuchagua kati ya miali na maji ya barafu. Mfano huo ulikuwa umesimuliwa kwa miaka mingi katika mafunzo ya uongozi, na chimbuko lake ni ajali ya Piper Alpha ya Julai 1988 iliyoua watu 167. Kwa bahati, Kiswahili nacho kinalibeba fumbo hilo: jukwaa la mafuta na jukwaa la simu ni neno lilelile.

Kwa upande wa uchambuzi, waraka huo ulisema mengi yaliyokuwa kweli. Ulikiri kwamba Symbian haikuwa na ushindani Amerika ya Kaskazini, kwamba kwa mwendo uliokuwapo huenda MeeGo ingekuwa na simu moja tu sokoni kufikia mwisho wa 2011, na kwamba ushindani haukuwa tena kati ya kifaa na kifaa bali kati ya jumuiya nzima za programu na huduma. Mfanyakazi wa Nokia aliyeusoma ndani ya kuta za kampuni angeweza kuupokea kama ukweli mchungu uliochelewa kusemwa.

Lakini haukubaki ndani ya kuta. Ulisomwa pia na mwenye duka mwenye shehena ya simu za Symbian rafuni, na kampuni ya mawasiliano iliyokuwa ikipanga oda za miezi sita ijayo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuacha msemo kwa ajili ya muuzaji anayetangaza ubovu wa bidhaa ambayo bado anataka kuiuza. Fumbo lenyewe pia lina kasoro ambayo haikujadiliwa vya kutosha. Anayeruka kutoka jukwaa la mafuta hujihatarisha mwenyewe. Kiongozi wa kampuni huruka akiwa amewashika mkono maelfu ambao hawakuulizwa.

Kuhusu njia zilizokuwapo

Nokia ilifanya mazungumzo na Google pia. Sababu za kuikataa Android, kama Elop alivyozieleza hadharani baadaye, zilikuwa na mantiki: aliona kwamba katika kundi kubwa la watengenezaji wanaotumia mfumo mmoja kuna hatari ya mmoja wao kuwameza wengine, na Nokia ingekuwa imeingia ikiwa imechelewa. Aidha, Nokia ilikuwa imenunua kampuni ya ramani ya Navteq mwaka 2008 kwa gharama kubwa, na ramani ni eneo ambalo Google isingekubali kulitoa kwa mbia. Kabla ya Elop, Anssi Vanjoki, mmoja wa viongozi wa juu wa Nokia, alikuwa amewafananisha watengenezaji waliokimbilia Android na wavulana wa Kifini wanaojikojolea katika baridi kali ili wapate joto. Joto hupatikana, ila kwa muda mfupi.

Historia ya miaka iliyofuata haikuidhalilisha hoja hiyo. Samsung ilikua kiasi cha kuwafunika wenzake wote wa Android. HTC, ambayo katika robo ya tatu ya 2011 ilitajwa na Canalys kuwa ya kwanza kwa mauzo ya simu janja nchini Marekani, ilififia katika miaka michache. Motorola ilinunuliwa na Google. Kwa hiyo dai kwamba Android ingeiokoa Nokia linategemea kudhani kwamba Nokia ingekuwa Samsung na isingekuwa HTC, jambo ambalo haliwezi kuthibitishwa. Vivyo hivyo kwa njia ya kubaki nyumbani. Kampuni ya Kanada iliyotengeneza BlackBerry ilichagua kujenga mfumo wake mpya, ikautoa Januari 2013, na haikupona.

Ikiwa waliohamia kwa Google, waliohamia kwa Microsoft na waliojenga upya kwao wote wamo katika orodha ya walioanguka, basi mahali pa kuhamia hapatoshi kuwa maelezo. Mfano wa Samsung ndio unaofundisha zaidi, kwa sababu isiyotajwa sana: mwaka 2010 ilikuwa ikitengeneza simu za Symbian, za Windows, za Android na za Bada, mfumo wake yenyewe, zote kwa wakati mmoja. Ilipoachana na Symbian haikuitisha mkutano wa kuwatangazia wateja kwamba wamesimama juu ya moto. Iliacha mfumo mmoja upungue huku mwingine ukiwa tayari umeshika uzito.

Iko pia nadharia, inayopendwa sana nchini Finland, kwamba Elop alipandikizwa na Microsoft ili aishushe bei Nokia. Nadharia hiyo inasahau kwamba uamuzi ulipitishwa na bodi ya wakurugenzi iliyoongozwa na Jorma Ollila, mtu aliyeijenga Nokia ya simu. Pia inaupa ujanja nafasi ambayo pengine ilistahili haraka. Microsoft ililipa kwa ajili ya ubia huo, malipo yaliyofika dola milioni 250 kwa robo mwaka, na kwa kampuni iliyokuwa ikiona mapato yakipungua, mbia anayekuja na fedha mkononi ana ushawishi ambao hauhitaji njama.

Miezi tisa

Siku ya tangazo, Nokia ilisema inatarajia kuuza simu nyingine takriban milioni 150 za Symbian katika kipindi cha mpito. Sentensi hiyo ndiyo inayobeba kosa lote. Inamtaka mnunuzi alipe fedha zake kwa kitu ambacho mtengenezaji amekwisha kukitangazia mwisho, na inamtaka afanye hivyo wakati mrithi hajaonekana. Lumia 800, simu ya kwanza ya Nokia yenye Windows Phone, ilianza kuuzwa Novemba 2011 katika nchi chache za Ulaya. Kati ya tangazo na bidhaa ilikuwa imepita miezi tisa.

Takwimu za miezi hiyo zinajieleza. Kutoka simu janja milioni 28.3 katika robo ya mwisho ya 2010, mauzo yalishuka hadi milioni 24.2 katika robo ya kwanza ya 2011, kisha milioni 16.7 katika robo ya pili. Tarehe 31 Mei kampuni ililazimika kuwaonya wawekezaji kwamba matarajio yake hayatafikiwa. Katika robo hiyo ya pili Apple iliuza iPhone milioni 20.3 na kuipita Nokia. Haifai kudai kwamba tangazo peke yake lilisababisha yote haya, kwa maana simu za bei nafuu za Android zilikuwa zikiongezeka na shehena ya Symbian ilikuwa imerundikana kwa wauzaji wa Ulaya na China. Hata hivyo, kushuka kwa karibu theluthi moja ndani ya miezi mitatu ni kasi ambayo kuzeeka kwa mfumo hakuwezi kuieleza. Symbian ya mwezi Mei haikuwa mbaya kuliko Symbian ya mwezi Januari. Kilichobadilika ni kwamba kila mtu alikuwa ameambiwa.

Kosa hilohilo lilirudiwa. Juni 2012 Microsoft ilionyesha Windows Phone 8, iliyojengwa juu ya kiini tofauti, na ikathibitisha kwamba simu zilizokuwapo hazitaweza kupandishwa kwenda toleo hilo. Lumia 900 ilikuwa imeingia soko la Marekani mwezi Aprili, wiki chache tu kabla. Mauzo ya Lumia, yaliyokuwa milioni 4 katika robo ya pili ya mwaka huo, yalishuka hadi milioni 2.9 katika robo iliyofuata. Waliokubali kuvuka maji ya barafu walifika ng'ambo wakaambiwa waruke tena.

Kwa nini wanunuzi hawakufungwa: mfano wa Afrika Mashariki

Dhana kwamba wateja milioni 150 wangesubiri ilitegemea imani kwamba wateja wa Nokia walikuwa wamefungamana na Nokia. Afrika Mashariki inafaa kuwa kipimo cha imani hiyo, kwa kuwa ni eneo ambalo jina la Nokia lilikuwa karibu sawa na neno simu. Nokia 1100 ya mwaka 2003, pamoja na zilizoifuata, zilipewa majina ya mtaani ambayo yamebaki katika lugha: kitochi nchini Tanzania, mulika mwizi nchini Kenya. Juni 2010 Nokia ilizindua jijini Nairobi simu zake za laini mbili pamoja na chaja inayoendeshwa na baiskeli. Kampuni haikuwa imelisahau soko hili.

Swali ni nini hasa kilimshika mteja. Huduma iliyobadilisha maana ya simu katika eneo hili, M-Pesa, ilianza Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata. Nchini Kenya menyu yake iliwekwa ndani ya kadi ya laini yenyewe. Nchini Tanzania mteja alipiga *150*00#. Kwa namna zote mbili, huduma haikujali mfumo endeshi. Ilifanya kazi kwenye kitochi sawasawa na kwenye simu ya bei ghali. Fedha za mteja, namba anayojulikana nayo kwa ndugu na wateja wake, na mara nyingi orodha ya majina pia, vilikuwa kwenye laini. Aliyetaka kubadilisha simu alifungua kifuniko, akatoa laini, akaitia kwenye kifaa kingine, na maisha yakaendelea.

Kwa hiyo jumuiya ya programu na huduma ambayo waraka wa Elop uliizungumzia haikuwa ndani ya kifaa katika soko hili. Ilikuwa mikononi mwa kampuni za mawasiliano. Safaricom ilipoingiza IDEOS ya Huawei nchini Kenya mwaka 2011, simu ya Android kwa bei iliyokuwa chini ya dola 100, mnunuzi hakuwa na cha kupima kati ya jukwaa na jukwaa isipokuwa bei, betri, na kama atapata laini ya pili, hitaji ambalo Tecno ililielewa mapema kuliko Nokia. Hata pale mamlaka zilipozima simu bandia, Kenya mwishoni mwa Septemba 2012 na Tanzania Juni 2016, kilichopotea kilikuwa kifaa. Laini ilihamishwa.

Hapa ndipo uamuzi wa 2011 unapoonekana katika upande wake usioelezwa. Wanunuzi, ambao Nokia ilitegemea wasubiri, hawakuwa wamefungwa na chochote. Waliokuwa wamefungwa ni waundaji programu, waliowekeza miaka katika Symbian na kisha katika Qt, na hao ndio walioachwa. Windows Phone ya wakati huo ilikubali programu zilizoandikwa kwa zana za Microsoft peke yake. Nokia ilisema wazi siku ileile ya Februari kwamba Qt haitapelekwa huko. Kazi yote iliyofanywa ili watu wavuke bila kuanza upya ilifutwa kwa tangazo moja, na mwundaji programu aliyeambiwa aanze upya alikuwa na sababu nzuri ya kuanza upya mahali penye wateja wengi zaidi. Upungufu huo uliifuata Windows Phone hadi mwisho. Instagram ilifika huko kwa toleo la majaribio Novemba 2013. Lumia 520, simu nzuri kwa bei yake, ilisaidia kupandisha mauzo ya Lumia hadi milioni 8.8 katika robo ya tatu ya 2013, lakini kufikia hapo biashara ilikuwa imekwisha kuuzwa, na mfumo haukuwahi kufikia asilimia 5 ya soko la dunia.

Waliolipa

Aprili 2011 Nokia ilitangaza kupunguza nafasi 4,000 za kazi na kuwahamishia takriban watu 3,000 wa Symbian kwenye kampuni ya Accenture. Juni 2012 ilitangaza kupunguza nafasi nyingine zinazofikia 10,000 na kufunga kiwanda cha Salo, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Finland ambao kwa miongo kadhaa uliishi kwa kutengeneza simu. Microsoft, baada ya kukamilisha ununuzi Aprili 2014, ilitangaza mwezi Julai mwaka huo kuondoa watu wapatao 12,500 waliotoka Nokia. Julai 2015 ilifuta katika vitabu vyake dola bilioni 7.6, kiasi kilichozidi bei iliyolipa, na mwaka huohuo ikatangaza kufunga kituo kilichokuwa kimebaki Salo.

Watumiaji walilipa mwishoni, tena kidogo kidogo. WhatsApp, iliyokuwa imekwisha kuwa sababu kuu ya watu wengi kuwa na simu ya intaneti, ilisitisha huduma kwa simu za Nokia za S40 tarehe 31 Desemba 2018, na kwa Windows Phone zote tarehe 31 Desemba 2019. Kufikia wakati huo simu mpya zenye jina la Nokia zilikuwa zinauzwa tena tangu Januari 2017, zikisimamiwa na kampuni ya HMD Global, na zote zilizoitwa simu janja ziliendeshwa na Android.

Qt yenyewe haikufa. Nokia iliiuza kwa kampuni ya Digia ya Finland mwaka 2012, na leo inaendesha skrini za magari na mashine za hospitali.